Lugha Isiyosahau Kuzima Pampu

Jumatatu, 1 Septemba. Korogwe.

Habari njema kuliko zote za mwaka huu. Kifaa cha Rukaya kimeganda!

Nieleze vizuri, maana ipo siku wajukuu watasoma. Kijiji kimoja kule Misima, wilaya ya Handeni, kina kisima kirefu chenye pampu ya umeme na tangi juu ya mnara. Mzee Muhidini ndiye mwangalizi. Hupanda ngazi, huchungulia tangi, hushuka, huzima pampu. Sasa magoti yake yamegoma. Kamati ya maji inataka kifaa kitakachozima pampu chenyewe tangi likijaa, na kuiwasha maji yakipungua. Fundi atakayefaulu atakabidhiwa visima vyote sita vya kata. Sita!

Kazi alipewa Rukaya kwanza. Huyu Rukaya nimemfundisha mimi, miaka mitatu, hapa hapa kibandani kwangu nyuma ya stendi. Halafu akaenda chuo cha ufundi. Sasa ana ofisi Handeni yenye mlango wa kioo. Mimi mlango wangu ni gunia la mkonge. Sina kinyongo.

Basi Alhamisi kifaa chake kikaganda, tangi likafurika, maji yakazoa maharage ya Mama Tatu. Mama Tatu ndiye mwenyekiti wa kamati. Mungu hamtupi mja wake.

Nimesoma mtandaoni asubuhi nzima. Chipu ndogo zinazoendesha vifaa vya namna ile huganda kwa sababu ya kumbukumbu. Ukiziandikia maagizo kwa lugha ya zamani, zinaweza kuchanganya kumbukumbu zao. Lakini ipo lugha mpya, inaitwa Rust, imeandikwa kwamba ni salama kwa kumbukumbu. Yaani haisahau! Kifaa cha Rukaya kilisahau kuzima pampu. Changu hakitasahau.

Nikampigia Mama Tatu papo hapo. Nikaahidi kufunga kifaa Jumatano ya wiki ijayo. Nikamwambia lugha yangu haiwezi kukosea. Baada ya kukata simu nikaanza kutafuta jinsi ya kuiandika.

Jumanne, 2 Septemba.

Inahitajika kompyuta. Sina.

Shemeji Grasiana anayo. Ni dada wa mke wangu Ritha, mwalimu wa sekondari, mtu wa maneno machache na macho makali. Kumwomba waziwazi ni kazi bure. Nikaenda kwake na bisibisi mkononi. Nikasikiliza kompyuta kwa makini kama daktari. Nikamwambia feni inakoroma, ina vumbi, nitaisafisha bure, siku tatu tu.

Akaniuliza tangu lini nafanya kitu bure. Nikasema tangu leo.

Nimerudi nayo. Nimeangalia maana ya Rust kwenye kamusi. Kutu. Nimeangalia mara mbili. Kutu! Mtu mwenye akili timamu anaipaje lugha yake jina la ugonjwa wa mabati? Nimewaza sana. Nadhani ni kwa sababu kutu ikishashika kitu haiachii. Kama kumbukumbu nzuri.

Bando la wiki limeisha kwa kupakua vifaa vya lugha tu. Sijaandika hata neno.

Jumatano, 3 Septemba.

Bodi ninayo. Upana wa vidole viwili, ina chipu moja na taa ndogo. Inaingia kwenye kompyuta kwa waya wa chaji. Kazi ni rahisi. Ndani ya tangi kutakuwa na boya, kama lile la choo cha kuvuta. Maji yakipanda, boya linapanda. Chipu inaangalia boya, inazima au inawasha pampu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Tatizo ni Mkaguzi. Ndivyo nilivyomwita. Ni programu inayosoma ulichoandika kabla ya kukipeleka kwenye chipu. Asiporidhika, hakuna kinachokwenda. Nimeandika mistari thelathini. Mkaguzi kaona makosa arobaini na saba. Inawezekanaje makosa kuzidi mistari?

Anaandika Kiingereza. Natafsiri kwa simu. Kosa la kwanza: hiki kitu si chako, ulishakikabidhi kwa mwingine. La pili: huwezi kukibadilisha, umekiazima tu. La tatu: mwenye mali ni nani?

Nikafunga kompyuta. Nikatazama nje. Hakuna mtu. Nani amemwambia habari za Shemeji?

Ritha akaniuliza mbona natokwa jasho. Nikasema joto la mashine.

Alhamisi, 4 Septemba.

Nimeelewa kidogo, au sijaelewa kabisa, sina hakika. Inaonekana katika lugha hii kila kitu kina mwenyewe mmoja. Ukimpa mtu, si chako tena. Ukiazima, urudishe. Na hamwezi kuazima wawili kama mmoja anataka kukibadilisha. Ni kama jembe la nyumba ya jirani. Lakini jembe huwa halinipi makosa hamsini na mawili. Ndiyo, leo yameongezeka.

Kabla ya saa sita Mkaguzi akaandika sentensi hii, nainakili kama simu ilivyotafsiri: «Kilichoazimwa hakiishi muda wa kutosha.»

Hapo hapo hodi mlangoni. Shemeji Grasiana! Nikafunika bodi kwa kofia. Akauliza kompyuta. Nikasema feni iko kwenye mafuta, inahitaji kulowa. Akatazama meza, akatazama kofia, akasema anaingiza alama za wanafunzi Jumanne, kwa hiyo Jumatatu jioni iwe mezani kwake, feni ikorome isikorome.

Nikamwamkia mara ya pili wakati anaondoka. Kuchanganyikiwa tu.

Jumamosi, 6 Septemba. Misima.

Balaa.

Jana Mama Tatu alipiga simu kuuliza maendeleo. Nikamwambia kwa kujidai kwamba natumia Kutu, kitu kipya kabisa, nitakiingiza mpaka ndani ya tangi. Sikujua kaweka simu sauti ya nje, yupo kisimani na wanawake ishirini.

Leo asubuhi nimeitwa mkutano wa dharura. Nilikuta watu wamejaa chini ya mnara. Mama mmoja, Janeth, alisimama akasema watoto wake wameshakunywa maji ya chumvi, ya tope, na ya mbuga, lakini ya kutu hawatakunywa. Akapigiwa makofi. Nikajieleza. Nikasema Kutu ni lugha. Mzee Muhidini, ambaye alikuwa amekaa na fimbo yake, akauliza kutu inasema nini. Nikasema inasema na chipu. Akauliza chipu ya nani. Nikasema hapo ndipo penye ugumu, maana kila kitu kina mwenyewe mmoja. Nikaeleza habari ya jembe. Nikaona watu wanatazamana.

Aliyeniokoa ni Rukaya. Sikumwona alipofika. Akasimama, akaamkia wazee, akasema kwa maneno machache: ni jina tu, ni maandishi, hayagusi maji, kama vile neno mvua ndani ya barua haliloweshi bahasha. Watu wakatulia. Mkutano wangu, na yeye ndiye kaumaliza!

Halafu akanivuta pembeni. Akasema lugha niliyoichagua ni nzuri, hata yeye ameanza kujifunza, ingemwepusha na kosa lililogandisha kifaa chake. Ila inazuia aina fulani ya makosa tu. Ukiiagiza jambo la kipuuzi, italifanya jambo la kipuuzi kwa usalama kabisa.

Wivu. Wazi kabisa. Nimemhurumia.

Jumatatu, 8 Septemba.

NIMESHINDA!

Mpaka saa nne makosa yalikuwa sitini na moja. Nikaona mtandaoni lipo neno la kumwambia Mkaguzi kwamba hapa si salama, lakini aniachie, najua ninachofanya. Nikaliandika kila mahali. Makosa yakashuka mpaka hamsini na nane. Ina maana hata Mkaguzi haamini kwamba najua ninachofanya.

Halafu kijana mmoja wa nchi sijui gani akanijibu kwenye jukwaa la mtandaoni: kama kuazima kunakusumbua, nakili. Kila anayetaka kitu, mpe nakala yake. Basi! Nikanakili boya. Nikanakili pampu. Nikanakili tangi. Kila mtu na lake, hakuna ugomvi. Nimeandika neno la kunakili mpaka kidole cha kati kimevimba. Saa nane na nusu Mkaguzi akasoma, akanyamaza, akaandika kwamba amemaliza. Hakuna kosa. Hata moja!

Nimeruka mpaka nikagonga taa. Taa ya bodi ikawaka. Nikamwita Ritha aone.

Ritha akatazama. Akauliza nimejaribu na maji. Nikasema Mkaguzi ameona makosa sitini na moja ambayo mimi sikuyaona, sasa haoni hata moja, maji yataona nini? Akasema ndoo ipo, boya lipo, ni dakika tano. Nikamwambia kujaribu kitu kilichokwisha kukaguliwa ni kumtukana mkaguzi. Akaenda kuosha vyombo.

Kompyuta nimeirudisha kwa Shemeji kabla ya magharibi. Akaiwasha, akasikiliza. Akasema sasa ndiyo inakoroma. Nikaaga haraka.

Jumatano, 10 Septemba. Misima.

Siku ya historia. Nilivaa koti.

Nimefunga kisanduku kwenye nguzo ya mnara, nimepandisha boya tangini, nimeunga nyaya za pampu. Kamati yote ilikuwepo. Rukaya alikuwepo pia, na daftari lake. Akaomba kuona nilivyoandika. Nikamwambia ni siri ya fundi. Nilikuwa nimechapisha karatasi kumi na moja kwa ajili ya kumbukumbu. Nikazikalia.

Mzee Muhidini alikuwa amejaza tangi mapema asubuhi kwa mkono, ili wageni wasikose maji. Vizuri. Nikawasha kifaa.

Pampu ikanguruma mara moja! Vigelegele. Mama Tatu akanishika mkono. Hotuba yangu ilikuwa fupi, dakika ishirini. Nikasema kuanzia leo hakuna atakayepanda ngazi ile. Nikasema kifaa hiki kikizeeka kitakufa, lakini hakitasahau.

Rukaya hakupiga makofi. Alikuwa anatazama juu, kwenye tangi, kapandisha nyusi. Akauliza mbona pampu inafanya kazi. Swali gani hilo kwa fundi? Nikamwambia pampu ikifanya kazi ndiyo habari njema. Nikawahi gari la saa sita.

Nimekula kuku leo.

Alhamisi, 11 Septemba.

Simu ya kwanza, saa moja asubuhi. Mama Tatu. Anasema maji yamemwagika tangu jana mchana. Uwanja wa mpira una bata. Wametoka wapi bata? Hakuna mwenye bata kijijini. Mzee Muhidini aliishia kuzima swichi kubwa ya umeme kwa fimbo.

Nikamwambia kifaa kinasafisha mabomba kwanza. Sijui maneno hayo yametoka wapi. Nikasema wawashe tena swichi maji yakishatumika, kitazoea.

Simu ya pili, saa kumi jioni. Watu wamechota, tangi limekwisha, swichi imewashwa. Pampu haifanyi kazi. Imelala kimya. Nikasema inapumzika, imefanya kazi usiku kucha.

Kwa hiyo maji yakiwepo inasukuma, yasipokuwepo inalala. Nimekaa na wazo hili saa nzima. Haliingii akilini. Mkaguzi alisema hakuna kosa!

Nimefikia uamuzi. Ni hujuma. Rukaya alisimama karibu na kisanduku dakika tatu nzima.

Ijumaa, 12 Septemba. Misima.

Naandika hii nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilipofika asubuhi foleni ya ndoo ilitoka kisimani mpaka barabarani. Tangi tupu. Hakuna aliyeitikia salamu yangu sawasawa. Nilimwamkia Mzee Muhidini, akasema marahaba, kisha akasema mashine yangu ina tabia za watu anaowafahamu: aliyenacho inamwongezea, asiyenacho inamwacha.

Nikauliza kwa nini wasiiwashe kwa mkono kama zamani. Wakasema nyaya za swichi ya mkono nilizikata mimi mwenyewe, nikasema hazitahitajika tena. Ni kweli. Nilisema.

Halafu Janeth akanieleza. Alfajiri mdogo wake, Loveness, alipelekwa zahanati kujifungua. Zahanati inategemea tangi hili hili. Muuguzi alifungua bomba, likatoa upepo. Waligonga nyumba kwa nyumba wakiomba maji. Rukaya alipigiwa simu, akaja toka Handeni na pikipiki, madumu mawili kafunga nyuma. Mtoto amezaliwa salama, mama yupo salama. Janeth hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

Nilifungua kisanduku. Sikujua naangalia nini. Chipu ni chipu, haisemi. Kompyuta nimekwisha kuirudisha. Jua linapanda. Watu mia wamesimama nyuma yangu na ndoo zao.

Rukaya akaja na kompyuta yake. Akapiga magoti kando yangu, akasema kwa sauti ya chini, «Fundi Laurenti, nipe zile karatasi.»

Nikazitoa ndani ya koti. Akasoma. Akafika karatasi ya tatu akasimama. «Hii nakala ya nini?»

«Ya tangi.»

«Na hii?»

«Nakala ya nakala.»

Akameza kitu, sijui ni maneno au kicheko. Akaendelea. Akafika ya saba, akaweka kidole.

«Mwalimu wangu, boya likiwa juu, tangi limejaa au liko tupu?»

Nikafikiri. Nikamwambia inategemea.

«Inategemea nini?»

Nilitazama juu ya mnara, nikatazama karatasi. Nilikuwa nimeandika boya likiwa juu, washa. Boya likiwa chini, zima. Mkaguzi alisoma mstari ule mara mia mbili na hakusema kitu, kwa sababu kila kitu kilikuwa na mwenyewe, hakuna kilichoazimwa vibaya, na kumbukumbu ilikuwa salama kabisa. Upuuzi ulikuwa wangu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuukagua.

Akayachapa upya kwenye kompyuta yake, akabadilisha maneno mawili, akachomeka waya. Pampu ikanguruma. Akairudishia na swichi ya mkono, pembeni, hata hakuniuliza.

Mama Tatu akaja kuuliza tatizo lilikuwa nini. Nilijiandaa kusikia jina langu. Rukaya akasema, «Tulikuwa tunamalizia kuipanga. Fundi Laurenti na mimi.»

Watu walipokwenda kwenye mabomba nilimuuliza kwa nini. Akasema mwaka ule alipotafuta wa kumfundisha kuchomelea nyaya, mafundi wanne wa stendi walimwambia msichana atachoma vidole. Mimi nilimsogezea kigoda. Basi.

Vumbi la Misima ni baya sana kwa macho.

Jumapili, 14 Septemba.

Kamati imeamua. Visima vyote sita ni vya Rukaya. Kifaa changu kimebaki, yeye amekisafisha, nakala zote katoa, karatasi kumi na moja zimekuwa mbili. Anasema hakigandi, na lugha ile ataitumia kwenye visima vingine. Kwa hiyo wazo lilikuwa langu!

Nimepewa barua ya shukrani. Imeandikwa kwa Fundi Kutu. Ritha ameibandika ukutani.

Rukaya amesema pia mtoto wa Loveness ni wa kike, kilo tatu na nusu. Nimefurahi kweli. Nimeshangaa jinsi nilivyofurahi.

Jumatano, 17 Septemba.

Nimetafakari siku tatu. Nimejifunza mengi. Kubwa kuliko yote: maboya si ya kuaminiwa. Kitu kinachoelea hakina msimamo. Kosa langu lilikuwa kuingia kwenye maji.

Na leo mlango mwingine umefunguka. Amenipigia Mama Hosiana wa Mashewa, mfugaji. Kikundi chao kina kabati la kutotolea vifaranga, mayai mia tatu, na yule aliyekuwa analitazama joto amehama. Wanataka chipu ishike joto siku ishirini na moja. Hakuna maji! Hakuna boya!

Nikamweleza kwamba lugha yangu haisahau. Akauliza kama tuanze na mayai kumi kwanza tuone. Nikamwambia mama, mayai kumi ni dharau kwa lugha kama hii. Weka yote.

Safari hii nimekuwa makini. Nimemtaka anisomee joto la kuku anayeatamia, taratibu, mara mbili, thelathini na saba, na nimeliandika kwenye kiganja ili lisipotee. Nimekaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja stendi. Mistari ishirini tu. Nyuzi sabini na tatu, kama alivyosema.

Mkaguzi amesoma yote. Hana neno hata moja.